Namba za Unabii na Msomaji wa Kiswahili: Historia Fupi ya Fasiri ya Kiishara

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya kufasiri namba za unabii wa Biblia kama ishara badala ya hesabu ya kalenda. Inafuatilia namba sabini, arobaini, elfu na mia sita sitini na sita kuanzia mazingira yake ya awali, kupitia mijadala ya Wakristo wa Misri na Afrika ya Kaskazini, hadi mahesabu ya William Miller yaliyoishia mwaka 1844 na mwangwi wake Afrika Mashariki. Kisha inaangalia namna namba hizo zilivyobebwa na tafsiri ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba fasiri ya kiishara si ujanja wa kisasa wa kuyakwepa maandiko. Imo ndani ya maandiko yenyewe, na msomaji wa Kiswahili tayari anazo nyenzo za kuielewa katika matumizi ya lugha yake.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini inajulikana kila panaposemwa Kiswahili. Hata hivyo, aliyeibiwa hakai akihesabu siku tangu mali yake ipotee, wala siku ya arobaini na moja ikifika mwizi hajakamatwa hailaumu methali kuwa imesema uongo. Kila asikiaye anaelewa kwamba arobaini hapa ni mpaka, si tarehe: uovu una kikomo, na kikomo hicho kipo ingawa mwizi hakioni. Namba ni ya kweli, ila ukweli wake haupimwi kwa kalenda.

Msomaji huyohuyo afunguapo Danieli au Ufunuo wa Yohana, mara nyingi maarifa hayo huyaacha mlangoni. Siku 1,260 huwa siku au miaka ya kuhesabiwa, majuma sabini huwa ratiba, na 666 hutafutwa katika vitambulisho, noti na mitambo ya kompyuta. Jambo hili si la vyuo vya theolojia peke yake. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililokuwa limetangaza kwamba dunia itafikia kikomo pamoja na mwaka 1999 waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Sababu za msiba ule ni nyingi, na si haki kuzipachika zote kwenye usomaji wa namba. Lakini tarehe iliyotangazwa ikapita bila kutimia ni sehemu ya mkasa wenyewe. Namna ya kusoma namba, kwa hiyo, ni suala la kifasihi lenye gharama za kibinadamu.

Makala hii haikusudii kuamua mafundisho ya kanisa lolote. Inauliza maswali mawili ya kihistoria na kiisimu: fasiri ya kiishara imetoka wapi, na Kiswahili kinaipa nafasi gani?

2.0 Sabini: Namba Inayofasiriwa Ndani ya Biblia

Kitabu cha Yeremia, katika sura ya 25 na ya 29, kinatangaza kwamba utumwa wa Babeli utadumu miaka sabini. Wanaotaka hesabu kamili wana njia mbili. Tangu ushindi wa Babeli huko Karkemishi mwaka 605 KK hadi Koreshi alipoutwaa mji huo mwaka 539 KK ni miaka sitini na sita. Tangu hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa, mwaka 586 KK kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, hadi lilipokamilika upya mnamo 515 KK ni takriban sabini. Njia zote mbili zinakaribia, na hakuna inayoondoa swali: kwa nini sabini?

Jibu linaanza kuonekana tukitazama nje ya Yeremia. Isaya 23 inautabiria mji wa Tiro miaka sabini ya kusahauliwa. Zaburi ya 90 inaitaja sabini kuwa kadiri ya umri wa mwanadamu. Aidha, maandishi ya Esarhadoni, mfalme wa Ashuru aliyetawala kuanzia 681 hadi 669 KK, yanasimulia kwamba mungu Marduk aliukasirikia mji wa Babeli akauandikia miaka sabini ya ukiwa, kisha akahurumia, akaigeuza namba juu chini, na mji ukaruhusiwa kujengwa upya katika mwaka wa kumi na moja. Mchezo huo uliwezekana kwa sababu ya hati ya kikabari: alama ya sitini ilifanana na ya moja, na ikifuatwa na alama ya kumi husomeka sabini; mpangilio ukigeuzwa, zilezile husomeka kumi na moja. Karne moja kabla ya uhamisho wa Wayahudi, basi, miaka sabini ilikuwa tayari lugha ya hasira ya mbingu juu ya mji, na hasira hiyo ingeweza kufupishwa kwa rehema.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Danieli 9. Humo Danieli anaisoma sabini ya Yeremia, anaomba, na malaika anamjibu kwamba sabini hiyo ni sabini za saba. Wako wataalamu wanaokiweka kitabu hiki katika karne ya sita KK, na wengi wanaoamini kilikamilika wakati wa mateso ya Antioko Epifane, kati ya 167 na 164 KK. Kwa vyovyote vile, jambo moja halibadiliki: Biblia yenyewe imeichukua namba ya nabii mmoja na kuipa maana pana zaidi ya hesabu yake. Saba mara sabini ni 490, yaani yubile kumi za miaka arobaini na tisa, kwa kufuata mpango wa Mambo ya Walawi 25. Anayezijua yubile anasikia habari ya watumwa kuachwa huru na ardhi kurudishiwa wenyewe. Namba inasema uhuru utakuja kwa ukamilifu wake, kabla haijasema utakuja lini.

3.0 Arobaini ya Ninawi

Mfano wa Yona uko karibu zaidi na methali yetu. Nabii anatangaza kwamba Ninawi utaangamizwa baada ya siku arobaini. Ni unabii wenye muda uliotajwa, usio na sharti lolote katika maneno yake. Watu wa Ninawi hawahesabu. Wanafunga, wanavaa magunia, wanaacha udhalimu, na mji hauangamizwi. Anayebaki nje ya mji akisubiri kuona yatakayotokea ni Yona mwenyewe, naye ndiye anayekemewa.

Zaidi ya hayo, tafsiri ya kale ya Kiyunani, Septuaginta, haina siku arobaini mahali hapo. Ina siku tatu. Ikiwa ujumbe wa Yona ungesimama juu ya idadi, tofauti hiyo ingekuwa maafa. Kwa kuwa unasimama juu ya kikomo cha subira ya Mungu, kisa kinabaki kilekile katika lugha zote mbili, ingawa arobaini ndiyo inayomrudisha msikilizaji kwenye gharika ya Nuhu, Musa mlimani na safari ya Eliya kwenda Horebu.

Msikilizaji wa Kiswahili ana arobaini nyingine pia. Mzazi hutimiza arobaini ndipo atoke. Waliofiwa husoma arobaini ya marehemu. Hizi huhesabiwa kweli, siku kwa siku, wala hazipotezi uishara wake kwa kuhesabiwa: ni muda wa kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Tunajifunza hapa kwamba halisi na ishara si maadui wa lazima. Namba inaweza kuhesabika na papo hapo ikawa na maana isiyokwisha katika hesabu.

4.0 Elfu: Mjadala wa Misri na Afrika ya Kaskazini

Haki inadai ikubaliwe kwamba katika kanisa la karne ya pili wapo wakubwa walioichukua miaka elfu ya Ufunuo 20 kama miaka halisi ya utawala wa Kristo duniani. Papia, Yustino Shahidi na Ireneo wamo katika kundi hilo. Anayesema fasiri halisi ni ya zamani hasemi uongo.

Lakini katikati ya karne ya tatu, katika wilaya ya Arsinoe nchini Misri, fasiri hiyo ilizua mgawanyiko. Askofu Nepo alikuwa ameandika kitabu cha kuwapinga waliosoma ahadi hizo kiistiari, na baada ya kufa kwake vijiji vizima vilikishikilia. Dionisio, askofu wa Aleksandria, hakuwatenga. Kwa mujibu wa mwanahistoria Eusebio, alikwenda huko, akawakusanya wazee na walimu wa vijiji, akakaa nao siku tatu mfululizo, asubuhi hadi jioni, wakikijadili kitabu hicho hoja kwa hoja, mpaka kiongozi wao Korakioni akakubali kuyaacha mafundisho yale. Dionisio huyohuyo alilinganisha msamiati na sarufi ya Kiyunani ya Ufunuo na ile ya Injili ya Yohana, akahitimisha kuwa waandishi ni wawili. Kwa mwanaisimu, hilo ni jambo la kutia moyo: mjadala wa namba ulikwenda sambamba na uchunguzi wa lugha.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Tikonio, mwanazuoni wa Afrika ya Kaskazini wa karne ya nne aliyetoka katika jamii ya Wadonatisti. Katika kitabu chake cha kanuni saba za kufasiri maandiko, kanuni ya tano inahusu nyakati. Anafundisha kwamba namba kama saba, kumi na kumi na mbili mara nyingi husimamia ukamilifu, na kwamba sehemu ya muda huweza kutajwa kwa niaba ya muda wote. Augustino wa Hippo, ingawa alipingana na Wadonatisti, aliipokea kazi hiyo kwa heshima. Katika kitabu cha ishirini cha Mji wa Mungu anakiri kwamba yeye naye aliwahi kuelekea kwenye fasiri ya miaka elfu halisi, kisha anaeleza kuwa elfu ni kumi iliyozidishwa mara tatu, mchemraba wa namba kamili, hivyo inaweza kusimamia muda wote wa kanisa duniani.

Sababu ya kihistoria ya mabadiliko haya isisahaulike. Hesabu zilizoenezwa na Hipolito na Yulio Afrikano ziliweka kuzaliwa kwa Kristo karibu na mwaka 5500 tangu kuumbwa kwa dunia. Kwa aliyeamini kuwa dunia itadumu miaka elfu sita kwa mfano wa siku sita za uumbaji, ukomo ulikuwa karibu na mwaka 500 BK. Augustino, aliyefariki mwaka 430, aliandika kwa watu ambao tarehe hiyo ilikuwa ikiwasogelea. Fasiri yake iliwaondolea hofu ya tarehe bila kuwaondolea tumaini.

5.0 Mia Sita Sitini na Sita na Elimu ya Abjadi

Namba ya mnyama katika Ufunuo 13 ni ya aina tofauti, maana mwandishi mwenyewe anamwalika msomaji aihesabu. Katika Kiebrania na Kiyunani, herufi zilitumika pia kama tarakimu, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Jina la Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi za Kiebrania kufuata matamshi ya Kiyunani, Neron, hutoa nuni 50, reshi 200, vavu 6, nuni 50, kofu 100, sameki 60 na reshi 200: jumla 666. Likifuata matamshi ya Kilatini, Nero, nuni ya mwisho huanguka na jumla huwa 616. Na kweli, nakala zenye 616 zilikuwepo. Ireneo alizijua mwishoni mwa karne ya pili akazikataa, na kipande cha mafunjo kutoka Oksirinko, kilichochapishwa mwaka 1999, kinayo 616.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, elimu hii si ngeni. Hesabu ya abjadi, inayotumiwa katika falaki na uaguzi, huzipa herufi za Kiarabu thamani kwa utaratibu wa asili moja na huo: nuni ni 50, ra ni 200, wau ni 6, kafu nzito ni 100, na sini, inayokaa mahali pa sameki, ni 60. Aliyefundishwa abjadi anafahamu papo hapo jambo ambalo mhubiri anayetafuta 666 katika namba za bidhaa halioni: kwamba kinachotafutwa ni jina la mtu lililofichwa ndani ya namba, na kwamba fumbo hutungwa ili walengwa wa kwanza walifumbue. Wakristo wa Asia Ndogo wa karne ya kwanza walikuwa na mtawala wa kumwogopa.

Hata hapa ishara haikomi. Sita ni saba iliyopungukiwa moja, na kuirudia mara tatu ni kama kusema kwamba mamlaka yajifanyayo kamili hayafiki. Fumbo lina mlengwa wa kihistoria, na lina tathmini yake.

6.0 Siku Kuwa Miaka: Kutoka Fiore hadi Upare

Fasiri ya Augustino haikumaliza hamu ya tarehe. Abate Joachim wa Fiore, aliyefariki mwaka 1202, aliigawa historia katika zama tatu, za Baba, za Mwana na za Roho, na siku 1,260 za Ufunuo zikasomwa kama vizazi arobaini na viwili vya miaka thelathini. Wafuasi wake waliungoja mwaka 1260. Mwaka huo, kuanzia Perugia, misafara ya watu waliojipiga mijeledi ilienea Italia. Zama mpya hazikuonekana.

Kanuni ya siku moja kuwa mwaka mmoja hutegemezwa kwenye Hesabu 14 na Ezekieli 4. Matumizi yake mashuhuri zaidi ni ya William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani. Alizichukua jioni na asubuhi 2,300 za Danieli 8 kama miaka, akaanzia 457 KK, akafika 1843. Baada ya kurekebisha kwa sababu hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, vuguvugu lake likaifikia tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu walingoja siku hiyo. Wapo walioacha mashamba bila kuvunwa. Kesho yake jua lilichomoza kama kawaida.

Lililofuata linafundisha zaidi. Baadhi yao walihitimisha kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio lilikuwa la patakatifu pa mbinguni, si la duniani. Yaani hesabu ilibaki halisi na tukio likafasiriwa upya. Kutokana nao lilikua Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo wamisionari wake kutoka Ujerumani walifika Upare mwaka 1903. Kanisa hilo halipangi tarehe ya kurudi kwa Kristo, lakini kanuni ya siku kuwa mwaka, pamoja na mwaka 1844, zimefundishwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Historia ya namba za Danieli ni sehemu ya historia ya usomaji wa hapa kwetu pia.

7.0 Namba Katika Kiswahili cha Biblia

Mfasiri wa namba huonekana kuwa na kazi rahisi: saba ni saba. Mambo hayako hivyo. Katika Kiebrania, neno la wiki linatokana na neno la saba, kwa hiyo sabini za Danieli 9 husikika kama mchezo mmoja wa sauti. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 imetumia majuma. Juma ni neno lililotokana na siku ya Ijumaa; wiki limetoka Kiingereza. Hakuna kati yake linalobeba saba ndani yake, na msomaji anabaki na kipimo cha muda tu. Kwa bahati njema, Kiswahili kimeazima kutoka Kiarabu, ndugu wa Kiebrania, saba na sabini pamoja, na sikio la Mswahili huisikia saba ndani ya sabini. Ndiyo maana katika Mathayo 18, msamaha wa saba mara sabini hautungiwi daftari la makosa 490.

Upotevu mwingine umo katika Ufunuo 21. Mji mpya una urefu, upana na kimo cha stadia 12,000, na ukuta wa dhiraa 144. Tafsiri ya Muungano imegeuza stadia kuwa maili elfu na mia tano, ila dhiraa imeziacha. Ubadilishaji huo ni wa msaada kwa anayetaka kupima, lakini kumi na mbili ya makabila na mitume imetoweka, na ukuta umebaki na 144 isiyo na mwenzake. Namba inapokuwa ishara, kubadili kipimo ni kubadili neno.

Katika Ufunuo 7, Yohana anasikia idadi ya waliotiwa muhuri, 144,000, kisha anatazama na kuona umati ambao hakuna awezaye kuuhesabu. Wapo wasomao idadi hiyo kama hesabu kamili ya watu. Lakini wengi wa wasomao hivyo huyachukua makabila kumi na mawili ya aya hizohizo kama mfano. Ni vigumu kueleza kwa nini sentensi moja iwe na kabila la mfano na elfu kumi na mbili za hesabu.

8.0 Mipaka ya Fasiri ya Kiishara

Pingamizi kubwa ni kwamba ishara haina breki: kila mmoja ataiambia namba iseme apendavyo. Pingamizi hili ni la haki. Augustino mwenyewe aliisoma idadi ya samaki 153 wa Yohana 21 kama jumla ya namba zote kuanzia moja hadi kumi na saba, kisha akaigawa kumi na saba kuwa kumi ya sheria na saba ya Roho. Hesabu ni sahihi; kwamba mwinjilisti alikusudia hivyo ni suala jingine.

Historia tuliyoipitia inatoa vigezo vitatu vya kujizuia. Kwanza, utanzu: maono yenye wanyama wa vichwa saba hayasomwi kama orodha ya sensa, na orodha ya sensa haisomwi kama maono. Pili, mnyororo wa matumizi: maana ya namba itafutwe katika mahali pengine ilipotumika, kama sabini ya Yeremia, Isaya na Danieli, si katika gazeti la leo. Tatu, mwitikio unaotakiwa na matini: Yona na Danieli wanawaweka mbele yetu watu wanaotubu na kuomba, na hakuna anayesifiwa kwa kuhesabu hadi siku ya mwisho.

9.0 Hitimisho

Fasiri ya kiishara ya namba za unabii ina nasaba ndefu: imo katika Danieli anayeisoma Yeremia, ikajadiliwa siku tatu huko Arsinoe, ikapangwa kuwa kanuni na Tikonio. Fasiri halisi nayo ina umri wake, na kila ilipoweka tarehe iliacha waliovunjika moyo, kuanzia Italia ya 1260 hadi Marekani ya 1844. Kanungu ya 2000 iliacha makaburi. Kazi iliyo mbele ya wataalamu wa Kiswahili ni ya kiutendaji: wafasiri wa Biblia wahifadhi namba penye ishara na kuweka vipimo vya kisasa pembeni, na walimu wa fasihi waisome arobaini ya Ninawi pamoja na arobaini ya mwizi. Anayeielewa ya pili bila kalenda hashindwi kuielewa ya kwanza.